Pagale, magunia kumi na moja, na mboga za mwezi wa nane

Mwezi wa pili hapa Kigoma kila mtu ana mchicha. Unaota hadi kwenye nyufa za ngazi. Ukienda soko la Mwanga asubuhi, muuzaji anakuongezea kiganja kizima juu ya fungu bila kuombwa. Rudi mwezi wa nane. Mvua ilikatika mwezi wa tano, vilima vimebaki vyekundu, vumbi limekaa juu ya migomba, na fungu lilelile limekuwa majani ya kuhesabu. Hata hayo yametoka mbali, bonde la Luiche au milimani huko Buhigwe, na yamenyauka garini.

Ndiyo maana jirani akiniambia anataka kuanza bustani kwa sababu mvua zimeanza, namwomba asitumie nguvu zake zote wakati huo. Bustani ya mjini iandaliwe kwa ajili ya kiangazi. Miche iwe imeshika mizizi mwezi wa tano, ili kuanzia mwezi wa sita hadi mvua za mwezi wa kumi au wa kumi na moja watoto wale kijani. Nitakayoyaeleza hapa, kulima mboga ndani ya magunia yaliyojazwa udongo, yote yanafuata hesabu hiyo.

Mimi ni fundi cherehani, napanga vyumba viwili Mwanga. Kiwanja sina. Ua wetu ni wa wapangaji watano, na ukishaweka kamba za nguo na majiko ya mkaa hakibaki hata mahali pa kutandika mkeka. Kilichokuwepo ni pagale la pembeni: nyumba iliyojengwa hadi lenta ikaachwa, vyumba vinne na sebule, bila paa wala milango. Kwa miaka watu walikuwa wanatupa taka humo. Mitaa mingi ya mji huu ina pagale la namna hiyo, au uchochoro usiopitwa na mtu, au ukuta mrefu wenye ukanda wa ardhi miguuni pake. Kwangu pagale ni bora kuliko vyote hivyo, kwa sababu kuta zinazuia mbuzi, na zinazuia ule upepo wa kiangazi unaonyonya unyevu wa udongo kabla hujarudi kutoka sokoni.

Ruhusa kabla ya jembe

Mwenye pagale anaishi Dar es Salaam. Tulimpata kwa kupitia mzee anayemlindia. Tulimwahidi mambo manne, tukayaandika kwenye karatasi ya daftari mbele ya mwenyekiti wa mtaa: hatutachimba sakafu wala kugusa msingi, hatutaegemeza udongo ukutani, kwa kuwa udongo unaolowa kila siku hulainisha tofali, kila kitu kitakuwa ndani ya magunia, na siku akihitaji nyumba yake tutaondoka ndani ya wiki mbili. Alikubali siku hiyohiyo. Nadhani kilichomtuliza ni hilo la magunia. Mtu akiona matuta kwenye kiwanja chake anaogopa kwamba kesho utadai ni chako.

Usichukue ukanda wa ufukweni hata kama unaonekana hauna mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kando ya reli nako kuna mwenyewe. Ukipalima bila kuuliza, siku mboga zimekomaa ndiyo siku utakayoondolewa.

Tulisafisha pagale Jumamosi mbili. Vaa viatu vya kufunika, maana kuna chupa na nyembe. Angalia pia kama pamewahi kumwagwa oili chafu, rangi au betri za gari. Sisi tulikuta doa jeusi la oili kwenye chumba kimoja na tukakiacha kabisa. Udongo wa humo ndani hatukutumia hata karai moja, tuliuleta wa nje wote.

Jua likoje hapo ulipo

Hapa ndipo wengi wanapopotea, nami nilipotea. Mwaka wa kwanza nilipanga magunia mahali penye mwanga mzuri mwezi wa pili, na mwezi wa sita yakawa kivulini mchana kutwa. Sukuma wiki ilirefuka shingo, ikawa ya njano.

Kigoma iko kusini kidogo mwa mstari wa ikweta, kama digrii 5. Maana yake ni kwamba katikati ya mwaka, mwezi wa sita na wa saba, jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini. Mwezi wa kumi na mbili linakuwa upande wa kusini. Linapita juu kabisa ya utosi mwezi wa tatu na tena mwezi wa kumi. Kwa mtu mwenye shamba wazi hilo halina uzito. Kwa mtu anayelima kati ya kuta ndilo jambo lenyewe. Ukuta wa kaskazini wenye kimo cha lenta, mwezi wa sita mchana, unatupa kivuli cha karibu mita moja ndani ya chumba. Basi magunia ya kiangazi yakae upande wa ukuta wa kusini, yakiutazama uso wa kaskazini, kwa nafasi ya hatua moja kutoka ukutani. Kujua kaskazini si kazi: simama uangalie ziwa na milima ya Kongo ng'ambo, hapo unatazama magharibi, na kaskazini iko mkono wako wa kulia.

Baada ya hapo pima mwenyewe. Mimi nilichukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, nikaenda Jumapili moja saa 2 asubuhi, saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10, kila mara nikichora mpaka wa kivuli sakafuni. Mahali palipopata mwanga kwa alama tatu mfululizo panatosha mboga za majani. Bilinganya, bamia na nyanya chungu zinataka zaidi, karibu saa sita za jua kamili. Katika pagale letu ni sebule peke yake iliyofaulu. Vyumba vidogo tulivifanya stoo ya mboji na kitalu.

Hesabu ya maji

Gunia moja kubwa la mboga linataka lita 4 hadi 5 kwa siku kiangazi kikikolea. Sisi tuna magunia kumi na moja, mawili kwa kila mpangaji na moja la yule mzee mlinzi, hivyo tunahitaji karibu madumu mawili na nusu kila siku. Fanya hesabu hii kabla ya kutafuta hata gunia la kwanza. Kama maji yako ni ya kununua kwa dumu, anza na magunia mawili.

Sehemu kubwa ya maji yetu yameshafanya kazi jikoni. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kuoshea dagaa kabla ya kuwakaanga, yote yanakwenda kwenye dumu moja lililokatwa mdomo, mlangoni kwa kila mmoja. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga au jiki usiyapeleke. Maji ya vyombo yenye mafuta nayo usipeleke, yanaziba udongo. Na maji ya mtaroni hata kwa shida usiyaguse. Mji wa kando ya ziwa kama wetu unakijua kipindupindu, na mboga nyingine tunazila mbichi kwenye kachumbari.

Mwagilia alfajiri, au jioni jua likishaingia ziwani. Mimina kwenye mawe ya katikati ya gunia (nitayaeleza), usimwage juu ya majani. Ukisafiri siku mbili, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa sindano, ijaze, uichomeke kichwa chini kwenye udongo. Inatoa tone kwa tone. Chungu cha udongo ambacho hakijapakwa rangi, kikizikwa hadi shingoni na kujazwa maji, kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa sababu maji yanapenya taratibu kwenye kuta zake na mizizi inakizunguka.

Kulitengeneza gunia

Tafuta viroba vya kilo 50 vya mchele au unga. Vya mbolea ya chumvichumvi nimeviacha, na vilivyobeba dawa ya mimea usiviguse hata vikioshwa mara kumi. Jua linakula viroba hivi. Baada ya msimu mmoja vinaanza kupukutika ukivigusa. Kwa hiyo mimi navivalisha viwili, kimoja ndani ya kingine, na upindo wa juu naushona mara mbili kwa uzi wa nailoni ili pawe na mahali pa kushika. Gunia la katani linapendeza lakini linaoza kitako mapema.

Lipeleke gunia mahali litakapokaa kabla ya kulijaza, juu ya tofali tatu ili lisikae kwenye maji. Likishajaa na kulowa linazidi kilo 100. (Wenye nyumba za zege wanaotaka kuyapandisha juu: yapangeni juu ya kuta zinazobeba, kamwe si katikati ya slabu, na muulizeni fundi aliyeijenga.) Chini kabisa weka maganda ya mise, yale magumu yanayobaki baada ya kuvunja na kutoa kiini cha chikichi, unene wa inchi 4. Ukikosa, kokoto zinatosha.

Sasa chukua kopo la chuma la kilo mbili lisilo na kitako wala kifuniko. Lisimamishe katikati, lijaze mawe ya ukubwa wa yai, kisha jaza udongo kulizunguka hadi usawa wa mdomo wake. Livute juu taratibu. Mawe yanabaki yamesimama kama nguzo. Rudia hivyo hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ndiyo inayoshusha maji mpaka chini. Bila hiyo, mboga za juu zinazama na za chini zinakufa kwa kiu.

Matundu ya pembeni yapimwe. Mimi natumia futi yangu ya kushonea: mstari wa kwanza inchi 8 kutoka chini, mstari unaofuata inchi 8 juu yake, na tundu moja hadi jingine inchi 8, yakipishana kama tofali za ukutani. Kiroba cha kilo 50 kinatoa mistari mitatu ya matundu matano. Kata mkato mfupi wa kusimama, inchi 2, kama tundu la kifungo cha koti. Nilipoanza nilikata msalaba mpana na udongo ukamwagika kila nilipomwagilia, nikapoteza karibu robo ya gunia. Kingo za mkato zipitishie kisu kilichopashwa moto kidogo ili nyuzi zigandane zisifumuke. Fanya hivyo nje kwenye upepo, moshi wake si wa kuvuta. Na mkasi wa vitambaa usiutumie. Ukigusa mchanga mara moja haukati tena.

Chakula cha udongo

Kipimo changu ni makarai mawili ya udongo wa juu, karai moja la samadi iliyooza, na nusu karai la mchanga, kwa kuwa udongo wa vilima hivi ni mwekundu na unashikamana ukikauka. Samadi ya ng'ombe au mbuzi, iliyokaa miezi mitatu. Ingiza mkono ndani ya rundo: kama ni la moto, bado. Nusa: ikikuwasha pua, bado. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa na haraka, nikachanganya samadi mbichi ya kuku, na miche thelathini ya sukuma ikaungua ndani ya siku nne. Niliumia sana, kwani miche ile niliikuza mwenyewe kwa mwezi mzima. Ya kuku ni kali kuliko zote. Inahitaji kuoza vizuri, na hata hapo nusu ya kipimo inatosha.

Kigoma tuna bahati ya dagaa. Wanaovunjika wakati wa kuanikwa pale Kibirizi, na vichwa vinavyobaki jikoni, ni mbolea nzuri sana, na kwa kuwa wamekaushwa bila chumvi hawadhuru udongo. Ila wafukie katikati ya rundo la mboji, kina cha mkono hadi kiwikoni, wafunike kwa majani makavu. Ukiwaacha juu utafuga panya. Nyuzi zinazobaki baada ya kukamua mawese ni matandazo mazuri juu ya gunia, lakini ziache mwezi kwenye jua na umande kwanza. Zikiwa bado na mafuta, maji yanateleza juu yake.

Majivu ni jambo ninalobishana nalo na watu. Wengi wamefundishwa kuchanganya majivu mengi kwenye udongo. Maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yana hali ya magadi, pH yake, yaani kipimo cha uchachu na magadi, inakaribia 9. Ukimwagilia nayo kiangazi kizima halafu ukazidisha majivu, ambayo nayo ni ya magadi, majani machanga yanaanza kupauka huku mishipa ikibaki ya kijani. Majivu mimi nayanyunyiza kidogo kwenye shina kwa ajili ya wadudu, basi. Kinachopooza magadi ni mboji, na kila baada ya mavuno naongeza kopo mbili juu ya kila gunia.

Kwa mbolea ya maji, kata majani ya alizeti mwitu, yale ya maua ya njano yaotayo kando ya barabara, jaza nusu dumu, ongeza maji, koroga kila siku kwa wiki mbili. Harufu yake ni kali, basi liweke mbali na madirisha ya watu. Kopo moja la maji hayo kwa makopo matatu ya maji safi, mara moja kwa wiki.

Nini kipandwe wapi

Pembeni: sukuma wiki, chainizi, figiri. Miche ikae kitaluni wiki nne, chini ya kipande cha chandarua kilichochanika. Ipandikize jioni, na ukiiingiza tunduni, mizizi iende chini, isikunjwe. Juu ya gunia: nyanya chungu mbili au bilinganya moja, na vitunguu vya majani pembezoni. Mchicha na mnafu nimewapa madumu yaliyokatwa ubavuni. Mgagani nausia mbegu palepale utakapokulia, haupendi kuhamishwa. Matembele kata vikonyo vya urefu wa futi moja, ondoa majani ya chini, chomeka. Baada ya wiki tano unaanza kuchuma, na hakuna mboga inayosamehe siku ya kukosa maji kama hiyo.

Kabichi sipandi. Inakaa miezi mitatu kwenye gunia ikupe kichwa kimoja, wakati sukuma mahali hapohapo ingekuwa imekulisha kila wiki. Nyanya nazo nimeziacha tangu kantangaze amalize zote ndani ya siku kumi. Mdudu huyu aliingia nchini mwaka 2014, anajificha ndani ya jani lenyewe, na dawa zinazouzwa sitaki kuzipuliza mita tatu kutoka mahali watoto wanapolala. Wenye eneo wazi, mbali na nyumba, wana njia zao.

Vidukari chini ya majani ya sukuma ndio adui wa kila wiki. Kwangua kipande cha sabuni ya mche kama ncha ya kidole gumba, kiyeyushe kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni chini ya majani, asubuhi suuza. Mche ukiukuta umekatwa kwenye shina kama kwa wembe, ni sota, kiwavi wa udongoni. Fukua kwa kidole pale pembeni utamkuta amejikunja, muue. Kuku tumewazuia kwa matawi ya miiba mlangoni.

Kuchuma nako kuna utaratibu. Sukuma chuma majani ya chini, uyavute kwa kuyakunja kwenda chini, bakiza matano juu. Mchicha usiung'oe, kata juu ya pacha la pili, utachipua tena mara mbili au tatu. Miti miwili ya mchicha iliyo mizuri kuliko yote iache itoe maua na kukauka, ipukuchie kwenye ungo, mbegu zihifadhi kwenye chupa kavu. Hizo zangu ni za mwaka wa tatu sasa.

Mwaka huu mwenye pagale amerudi kuezeka. Alitupa taarifa mapema kuliko tulivyoandikiana. Tuliacha kumwagilia siku tatu ili magunia yapungue uzito, tukakodi toroli, na asubuhi moja yakahama yote: manne kwenye uchochoro wa nyuma, matatu mbele ya banda langu la cherehani, mawili kwa jirani mwenye ua mpana, moja kwa mzee mlinzi kwake Gungu. La kumi na moja lilipasuka kitako njiani. Udongo wake tuliukusanya kwa karai na sasa uko kwenye madumu ya matembele. Mwenye nyumba alisimama akiangalia, kisha akauliza kama tunaweza kumwachia mawili atakapomaliza, ayaweke karibu na jiko. Nimeshaanza kumshonea viroba.